Shilingi Kumi za Mlangoni

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha wa Kenya hutoka ofisini mwake akiwa na mkoba mkononi, husimama kidogo mbele ya wapiga picha, kisha huingia Bungeni kusoma hesabu ya mapato na matumizi ya Serikali kwa mwaka utakaoanza tarehe 1 Julai. Watu wengi husikiliza kwa redio, nao hutega masikio kwa mambo machache tu: bei ya unga, bei ya mafuta ya taa, ushuru wa sigara na wa pombe. Yakiisha kutajwa hayo, huzima redio wakarudi kazini. Sehemu iliyobaki ya hotuba ni orodha ya mafungu, fungu la Wizara hii na fungu la Wizara ile, na aghalabu hapana aisikilizaye, maana milioni mia moja zikipunguzwa katika karatasi hazitoi mlio.

Mlio upo, ila husikika mbali na Bunge, tena baada ya miezi mingi. Husikika pale mgonjwa aambiwapo ya kuwa dawa imekwisha. Husikika pale gari la hospitali lisimamapo juu ya mawe kwa kukosa magurudumu. Wakati huo hakuna tena akumbukaye hotuba ya Juni, na lawama zote humwangukia nesi aliye mlangoni.

Yeyote aliyepata kukaa katika ofisi ya hesabu za Serikali ajua njia ipitwayo na fedha zinapopunguzwa. Hazina hutuma waraka kwa kila Wizara, ikitaka matumizi yapungue kwa kiasi fulani. Wizara huangalia mafungu yake, nayo ni ya namna mbili. Kuna mishahara, na kuna yote mengineyo: dawa, petroli, bandeji, chakula cha wagonjwa, kamba ya kisima, rangi ya ukuta, karatasi za kuandikia. Mishahara haiguswi kwa urahisi, kwa kuwa mtu aliyeajiriwa ana barua yake na ana haki yake. Basi kalamu nyekundu huyaangukia hayo mengine. Matokeo yake ni jambo la ajabu kidogo: nesi yupo, amevaa sare safi, mshahara wake umelipwa tarehe yake, lakini hana glavu wala hana sindano. Serikali yamlipa mtu ili akae karibu na kabati tupu. Kwa hesabu za Nairobi fedha zimeokolewa. Kwa mtu aliyetembea maili saba na homa mwilini, hata ule mshahara wa nesi umepotea bure.

Mambo haya yana historia yake Kenya, na mwaka mmoja wafaa kukumbukwa kuliko yote, nao ni 1989.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, viongozi wake walitaja maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na kila mtoto wa shule aliwajua kwa majina. Siku hizo mgonjwa asiyelazwa alitoa shilingi tano kabla ya kutibiwa katika hospitali ya Serikali. Mwaka 1965 ada hiyo ikafutwa. Kwa miaka ishirini na zaidi baadaye, mtu aliingia, akapanga foleni, akaandikwa kitabuni, akapewa vidonge vyake ndani ya kipande cha karatasi kilichokunjwa, akaenda zake. Foleni ilikuwa ndefu, na maneno ya karani pengine hayakuwa matamu. Lakini hapana aliyeulizwa ana kiasi gani mfukoni. Vituo vya afya vikajengwa mashambani, vingi kwa Harambee, wenyeji wakitoa mawe na mchanga na nguvu za mikono, na Serikali ikileta mganga na dawa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 dawa zilipelekwa vituoni kwa masanduku yaliyofungwa na kutiwa lakiri, yakafunguliwa mbele ya mashahidi, ili kidonge kisipotelee njiani. Mpango huo wa masanduku ulisifiwa hata nje ya nchi, na ulistahili sifa.

Wakati huohuo fedha zilikuwa zikipungua. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Kahawa iliyoleta neema mwaka 1976 na 1977 ilishuka bei. Mwaka 1984 mvua ilikosekana, na chakula kikanunuliwa ng'ambo. Nchi ilikopa. Tangu mwaka 1980 Benki ya Dunia ilianza kutoa mikopo ya namna mpya, mikopo isiyokuwa ya kujenga daraja au bwawa, bali ya kurekebisha uchumi wote, na kila mkopo ulikuwa na masharti: Serikali ipunguze matumizi, ipunguze watumishi, iache bei zijipange zenyewe. Serikali ya Kenya yenyewe iliandika katika Waraka wa Bunge Namba 1 wa mwaka 1986 ya kwamba haingeweza kuendelea kubeba gharama zote peke yake. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa kitabu juu ya gharama za matibabu katika nchi maskini, nacho kilishauri watu watozwe ada hospitalini. Hapo ndipo lilipozaliwa neno lililokuja kujulikana na kila mtu, wasomi na wasiosoma: kuchangia gharama. Likaingia katika Mpango wa Maendeleo wa sita, wa mwaka 1989 mpaka 1993, na tarehe 1 Desemba 1989 likafika mlangoni mwa hospitali. Kituo cha afya kilitoza shilingi 10 kwa mgonjwa asiyelazwa. Hospitali ya wilaya na ya mkoa ilitoza shilingi 20.

Yafaa kusema kwa haki ya kuwa waliobuni ada hiyo hawakuwa watu wabaya, wala hoja zao hazikuwa za kipumbavu. Walisema: huyu mtu asemaye hana shilingi kumi, mbona humpa mganga wa kienyeji mbuzi mzima? Mbona hununua vidonge dukani vya shilingi mbili mbili? Walisema dawa ya bure huharibiwa, kwani kitu kisichonunuliwa hakitunzwi. Zaidi ya yote walisema fedha hizo hazitapelekwa Nairobi zikapotelea humo. Robo tatu zingebaki palepale hospitalini zilipotolewa, na robo moja ingetumiwa wilayani kwa kazi ya kuzuia maradhi. Mgonjwa angetoa shilingi kumi, na mwezi ufuatao angeona dawa zimeongezeka. Wenye maradhi ya kuambukiza, kama vile kifua kikuu, wangetibiwa bure, na maskini kabisa angesamehewa.

Katika karatasi mpango huu unapendeza. Sasa na uangaliwe mlangoni.

Mfano ni wa ajuza mmoja asiye na jina, kwa kuwa walikuwa wengi wa namna yake. Ana kidonda mguuni kisichopona, na kila juma huja kituoni kufungwa bandeji. Siku moja ya Desemba afika dirishani kama kawaida yake, na kijana aliye dirishani amwambia kwa heshima:

"Nyanya, siku hizi ni shilingi kumi."

"Shilingi kumi za nini, mjukuu wangu? Kidonda ni kilekile cha juma lililopita."

"Ni agizo kutoka juu, Nyanya. Kila mtu hutoa."

"Na nisipokuwa nazo?"

"Usipokuwa nazo, nenda kwa Chifu akuandikie barua ya kuwa huna kitu, kisha uje nayo hapa."

Ajuza amtazama kijana, autazama mguu wake, akageuka. Kwa Chifu ni mbali, na Chifu huenda hayupo leo. Tena kuna jambo jingine ambalo waliotunga kanuni hawakulitia katika hesabu, nalo ni aibu. Mtu mzima aliyelima maisha yake yote hapendi kubeba barua isemayo ya kuwa yeye ni fukara. Arudi nyumbani, akafunge kidonda kwa majani na kitambaa. Katika kitabu cha kituo cha afya hakuna mahali paandikwapo mtu aliyerudi. Huandikwa waliotibiwa tu. Mwisho wa mwezi hesabu yaonyesha wagonjwa wamepungua, na mtu asiyejua angeweza kudhani ya kuwa afya ya watu imekuwa njema.

Naam, walipungua. Wachunguzi waliofuatilia hesabu za siku hizo, ambao kazi yao ilichapishwa mwaka 1995, walikuta ya kuwa idadi ya watu waliokwenda katika vituo vya Serikali ilishuka kwa karibu nusu wakati wa ada. Nusu! Katika kila wawili waliokuwa wakija, mmoja hakuonekana tena. Wengine walikwenda kwa waganga wa kulipwa, maana walifikiri, na walikuwa na haki, ya kuwa ikiwa fedha zitatolewa, heri zitolewe mahali penye dawa. Wengine walikwenda dukani. Wengine walikaa nyumbani kungoja Mungu aamue.

Hapa ndipo hoja ya mganga wa kienyeji na mbuzi wake inapovunjika. Mganga hupokea mbuzi baada ya mavuno. Hupokea nusu leo na nusu mwaka kesho. Huyajua mashaka ya nyumba ile. Dirisha la Serikali halikopeshi. Tena shilingi kumi haikuwa peke yake: kulikuwa na nauli ya matatu, kulikuwa na siku ya kibarua iliyopotea, kulikuwa na mtu wa kumsindikiza mgonjwa, naye pia amepoteza siku. Ada ile ilikuja kuwa unyasi wa mwisho juu ya mzigo uliokwisha kuwa mzito.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo hasara ilionekana wazi kuliko kwingine kote, na habari zake zilichapishwa mwaka 1992 katika jarida la madaktari la Uingereza liitwalo The Lancet. Mahali hapo ni kliniki ya Nairobi ya kutibu maradhi ya zinaa, kama vile kisonono na kaswende. Watu wa kila namna walikwenda pale, madereva, makuli, wachuuzi, watumishi wa nyumbani, wake kwa waume, na kwa kuwa maradhi hayo ni ya aibu, kila mtu alikwenda kimya kimya. Ada ilipoanza kutozwa, wachunguzi walihesabu waliokuja katika miezi tisa ya ada hiyo. Katika kila wanaume 100 waliokuwa wakija zamani, sasa walikuja 40. Katika kila wanawake 100, walikuja 65.

Wale 60 na wale 35 walikwenda wapi? Maradhi hayakuwaacha kwa sababu hawana fedha. Walirudi nayo vyumbani mwao, na wenye safari walikwenda nayo Mombasa na Kisumu na Kampala, na wenye wake mashambani walikwenda nayo mashambani. Na miaka ile haikuwa miaka ya kawaida. Ukimwi ulikuwa umetambuliwa Kenya mwaka 1984, na kufikia 1990 ulikuwa ukienea kwa siri katika miji na katika barabara kuu. Madaktari walikwisha kujua jambo ambalo sasa linajulikana na wengi: mtu mwenye kidonda cha kaswende au uchafu wa kisonono huambukizwa Ukimwi kwa urahisi zaidi, na huambukiza wengine kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo kumponya mtu mmoja kisonono kwa sindano moja kulikuwa sawa na kufunga mlango mmoja mbele ya Ukimwi. Ili kupata shilingi chache za kila mgonjwa, milango hiyo ikaachwa wazi.

Hakuna awezaye kusema ni wangapi waliofariki kwa ajili hiyo, na asingekuwa mtu mkweli yeyote ambaye angetaja hesabu. Itoshe kusema ya kuwa mnamo Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi aliutangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, na kufikia hapo gharama za kuuguza, za kuzika, na za kulea mayatima zilikuwa juu ya kila ukoo nchini. Gharama hizo hazikupitia Hazina. Hapana Waziri aliyezisoma Bungeni. Zililipwa na mashangazi na nyanya, kwa maziwa ya ng'ombe mmoja na kwa shamba la ekari mbili.

Hii ndiyo kasoro iliyo katika neno lenyewe la kupunguza. Serikali ikiacha kununua bandeji, haja ya bandeji haipungui hata kidogo. Atakayeinunua ndiye amebadilika. Mzigo umetolewa katika kitabu ambamo kila senti ina mstari wake, ukawekwa mahali pasipo na kitabu. Mtu aliyeshika kitabu huapa kwa moyo safi ya kuwa mzigo umepungua, kwa sababu yeye hauoni tena.

Basi Serikali ilifanya nini? Yastahili kuandikwa, na ni kwa sifa yake, ya kuwa ilikubali kusikia. Mnamo Septemba 1990, baada ya miezi tisa tu, ada ya kuandikisha wagonjwa wasiolazwa ilisimamishwa. Watu walirudi, katika muda wa miezi saba idadi yao katika vituo vya afya vya Serikali ilipanda kwa asilimia 41. Katika ile kliniki ya Nairobi wanawake walirudi, tena wakazidi: mahali pa kila 100 wa zamani walikuja 122. Wanaume hawakurudi wote. Walikuja 64. Huenda wengine walikwisha kuzoea kununua vidonge kwa wachuuzi, huenda wengine hawakupata habari ya kuwa ada imeondolewa. Habari ya kutozwa husafiri kwa haraka, na habari ya kusamehewa huenda kwa miguu. Hesabu hiyo ya 64 wangeikumbuka wote waaminio ya kuwa fungu likikatwa mwaka huu laweza kurudishwa mwaka kesho na mambo yakawa kama zamani.

Ada ilirudishwa tena kuanzia mwaka 1992, lakini kwa busara zaidi: ilianza kwa hospitali kubwa, ikashuka kwa hatua, na mgonjwa hakutozwa kwa kuandikwa jina bali kwa dawa aliyopewa, hata kama hakuna dawa hakuna malipo. Mabaraza ya afya ya wilaya yakaundwa ili yasimamie fedha hizo. Hapo likatokea jambo lingine ambalo makarani walilijua vizuri kuliko madaktari. Fedha zilikusanywa, zikaandikwa, zikapelekwa benki. Lakini ili zitumiwe ilihitajika hati ya idhini, na hati hiyo ilikuwa na njia yake ndefu ya kutoka na kurudi. Ikawa fedha za mgonjwa zimelala benki, na mgonjwa amelala juu ya kitanda kisicho na shuka, katika mji uleule. Na fedha zenyewe hazikuwa nyingi: hazikufika hata sehemu moja ya kumi ya matumizi ya Wizara ya Afya. Usumbufu wote ule, na hesabu zote zile za walioacha kuja, ulikuwa kwa ajili ya kipande hicho.

Ni vigumu kuandika habari za miaka hiyo bila kugeuza macho kidogo. Wakati vituo vya afya vilipokuwa vikihesabu shilingi kumi kumi, kampuni moja iitwayo Goldenberg ilikuwa ikilipwa na Serikali tuzo ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi iliyodai kuziuza nchi za nje, ingawa Kenya haina almasi ya kuchimba na dhahabu yake ilikuwa kidogo mno. Tume iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire, iliyoanza kazi mwaka 2003, ilichunguza mabilioni ya shilingi yaliyotoka kwa njia hiyo na kwa njia nyingine zilizofuata. Lile dirisha halikudai barua ya Chifu.

Hospitali haikuwa peke yake. Wazazi wakumbuka maziwa ya shuleni, Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza mwaka 1979 katika pakiti zile za pembe tatu. Watoto walikuja mbio hata siku za matope kwa ajili yake. Katika miaka ya 1990 pakiti zikaanza kuja mara moja moja, kisha zikakoma, wala hapana aliyetoa hotuba ya kuaga. Katika vyuo vikuu posho ya wanafunzi iliondolewa mwaka 1991 na ada ikaingia, na vurugu zikafuata. Shule za msingi ziliongeza michango, leo ya dawati, kesho ya mlinzi, hata kiwango cha watoto waliokwenda shule kikashuka. Tangu mwaka 1993 ulikuja mpango wa kupunguza watumishi wa Serikali, na waliotakiwa kustaafu mapema kwa hiari walikuwa wale wa vyeo vya chini, matarishi, wafagizi, makarani. Ajira ikafungwa. Katika miaka iliyofuata manesi walihitimu vyuoni wakakaa nyumbani na vyeti vyao, na huku wodi zilikuwa na nesi mmoja kwa wagonjwa wengi usiku kucha.

Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 1989 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Kenya, 89 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 1998 ulionyesha 112, na wa mwaka 2003 ulionyesha 115. Hapana budi kukumbuka ya kuwa Ukimwi ulichukua sehemu kubwa ya watoto hao, na umaskini ulichukua yake, na malaria iliyoanza kushinda dawa za zamani ilichukua yake. Ada na kabati tupu zilikuwa miongoni mwa sababu, si sababu zote. Lakini nchi iliyokuwa ikipanda mlima tangu uhuru ilikuwa imegeuka na kuanza kushuka.

Kupanda kulianza tena baadaye. Mwaka 2003 ada za shule za msingi zilifutwa, na watoto madarasani wakatoka karibu milioni 5.9 mpaka karibu milioni 7.2 katika mwaka huo mmoja. Walimu wengine walifundisha watoto mia moja chini ya mti. Mwaka 2004 ada za matibabu zilipunguzwa, zikawa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika kituo cha afya, basi, bila nyongeza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, iliandika matibabu kuwa haki ya kila mtu. Na tarehe 1 Juni 2013, siku ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ya kuwa zahanati na vituo vya afya vya Serikali havitatoza tena kitu, na kina mama watajifungua bure.

Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Wale waliobaki na wasiwasi walikuwa wauguzi wasimamizi wa zahanati. Kwa miaka mingi zile shilingi kumi, pamoja na udogo wake, zilikuwa fedha pekee walizozishika kwa mikono yao. Hazikutosha kununua dawa. Lakini zilinunua sabuni, na kibiriti, na mafuta ya taa ya siku mama ajapo kujifungua usiku, na zilimlipa mfagizi, na zilimlipa mlinzi. Mfagizi na mlinzi hawakuwamo katika orodha yoyote ya watumishi wa Serikali. Serikali iliahidi kuleta fedha mahali pa zile zilizofutwa, na ililetwa sehemu, ila katika mahali pengi ilichelewa kwa miezi. Zahanati nyingine zikaendelea kutoza kidogo kwa siri. Nyingine zilitii agizo, zikamwambia mlinzi avumilie mpaka mwisho wa mwezi, kisha mpaka mwisho wa mwezi uliofuata, na mlinzi akatundika ufunguo wa stoo msumarini akaenda kutafuta kibarua kingine.